Ng'ombe Hakunivunja Mkono

Nyamira,
4 Machi 1973

Ndugu yangu Abner,

Ng'ombe hakunivunja mkono. Neno hili sijamwambia mtu yeyote, si Baba, si mwalimu wetu, si yule bwana wa dispensari aliyenifunga plasta huku akiniuliza kama nilikuwa nakamua au nacheza. Aliyenivunja mkono ni Mama.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu sitalifikia. Unanijua. Hata kupeleka sadaka mbele kanisani huwa natamani ardhi inimeze. Na usishangae ninaandika Kiswahili. Kwa Kiingereza nitakosea, na kwa Ekegusii nitalia.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa jikoni, mimi nachambua mboga za chinsaga, yeye anasonga ugali. Akaniuliza, "Kuku wamefungiwa?" Nikamwambia wamefungiwa. Akasonga kidogo, akauliza tena, "Kuku wamefungiwa?" Nikajibu tena. Alipouliza mara ya tatu nikasema, "Mama, si umeniuliza sasa hivi?" Na nilicheka, Abner. Kidogo tu. Labda ni kile kicheko.

Mpini wa jembe ulikuwa umeegemea ukuta. Sikuuona ukiinuka. Nilisikia tu mlio kama mtu amevunja muwa, nikadhani ni mpini umevunjika. Akasema, "Unanicheka? Mimi ndiye mwendawazimu wenu?" Akapiga tena, lakini mara hiyo alipata chungu, na mboga zikamwagika motoni. Kisha akachukua mtungi akaenda mtoni.

Aliporudi nilikuwa nimekaa kwenye kuni nimeshika mkono. Alitua maji, akapiga magoti mbele yangu. "Mwanangu! Nani amekufanya hivi?" Nilimtazama machoni nione kama ananichezea. Alikuwa anauliza kweli. Baba akatokea mlangoni, Mama akamwita kwa sauti, "Tata Abner, njoo uone mtoto! Sema, Kemuma, nani?" Nami nikasema neno la kwanza lililokuja kinywani. Nikasema, ng'ombe.

Wewe unasomea udaktari. Kuna ugonjwa wa mtu kupiga na asijue kwamba amepiga?

Nasikia miguu yake. Naficha karatasi chini ya kikapu cha majani chai.

Ni mimi dada yako,
Kemuma


Nairobi,
13 Machi 1973

Mdogo wangu Kemuma,

Pole kwa mkono. Usiuloweshe, na usikubali mdogo wetu Nyasani auning'inie, najua anavyopenda kuning'inia.

Barua yako imenikuta katikati ya mitihani, na sitakuficha, imenikasirisha. Mama ninayemjua mimi alinibeba mgongoni mpaka Kisii mjini nilipokuwa na surua, na hajawahi kunipiga hata kofi. Wewe mwenyewe umeandika kwamba ulimcheka. Mtu mzima akichekwa na mtoto hukasirika, hilo halihitaji daktari.

Tena Baba aliniletea habari mwezi uliopita kwamba Mama amenenepa, uso umejaa na unang'aa, mpaka watu sokoni wanampongeza yeye kwa kumtunza. Nilifurahi nikamshukuru Mungu. Wewe hukuiona miaka ile ya mahindi ya manjano ya msaada, mifupa ya Mama ilipokuwa inahesabika. Mtu anayenenepa si mgonjwa, Kemuma. Pengine ni uchovu, pengine ni umri. Msaidie kazi na usimjibujibu.

Na hilo la mkono, kama ulishasema ni ng'ombe, liache kwa ng'ombe. Usiiaibishe nyumba.

Ndugu yako,
Abner


Nyamira,
26 Machi 1973

Ndugu Abner,

Uliniambia niliache kwa ng'ombe. Nimeliacha. Ng'ombe amekufa.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Mama aliamka kabla yetu, ingawa sijui kama siku hizi analala, kwa maana kila nikigeuka kitandani namsikia akitembea sebuleni. Alinikuta navaa kwa shida, akaugusa mkono uliofungwa. Akauliza, "Huyu ng'ombe ndiye aliyekufanyia hivi?" Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Akachukua panga akaenda zizini.

Ng'ombe wetu Mweusi alikuwa na mimba. Alimfahamu Mama, hata hakukimbia, alinyoosha shingo akidhani analetewa chumvi. Mama alimkata shingoni, akamkata mgongoni, akamkata miguu ya mbele mpaka akapiga magoti, na kila alipokata alisema, "Umemvunja mtoto wangu! Umemvunja mtoto wangu!" Mimi nilisimama kwenye ua wa zizi nikimsikiliza Mama akinilipizia kisasi. Baba alipofika kumshika, alimgeuzia panga. Baba sasa ana jeraha kutoka bega hadi kiwiko, na anawaambia watu aliteleza akipogoa chai.

Umesema amenenepa. Abner, uliza amenenepa wapi. Tumbo limekuwa kama la mjamzito, na nyuma ya shingo pameota nundu, lakini mikono na miguu imekonda kama mabua. Uso ni mviringo kabisa na mwekundu. Ameota nywele kidevuni, anazing'oa na vidole. Ukimshika mkono kidogo tu anabaki na doa jeusi wiki nzima. Akitaka kusimama kwenye kigoda ni mpaka ajisukume kwa mikono.

Na kichwa chake. Unakumbuka alivyokuwa anafundisha watoto fungu la kukariri kila Sabato bila kufungua kitabu? Sabato iliyopita alisimama mbele, akaanza, akanyamaza. Akaanza tena. Msichana wa Tryphosa, yule mwenye pengo, akamnong'oneza neno linalofuata, kwa wema tu. Mama alimpiga na Biblia usoni mpaka damu ikatoka puani. Baba ni mzee wa kanisa, na alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Sasa Baba Mkubwa Nyangau amesema ugonjwa ni wa kichwa. Anasema ni ile boriti ya jikoni iliyomwangukia Mama mwaka juzi, kwamba mfupa ulipata ufa na damu mbaya imelala ndani. Amemwita mzee Ongeri, yule omobari anayefungua vichwa vya watu na kukwangua mfupa. Anakuja Jumapili, si hii bali ya pili yake. Baba hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Nyinyi ndio mnajua."

Baba Mkubwa amesema, "Wazimu unakaa wapi, gotini?" na watu wakacheka.

Unijibu upesi. Usiniambie tena nimtii. Namtii mpaka nimeanza kujikojolea.

Kemuma


Nairobi,
2 Aprili 1973

Dada yangu Kemuma,

Nisamehe. Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikaenda nayo wodini kwa daktari, mwalimu wetu, na kumfasiria kwa Kiingereza ulichoandika kuhusu tumbo, mikono, nundu na kidevu. Alivua miwani. Akaniuliza, "Aliyeandika haya ni nani?" Nikasema ni dada yangu wa darasa la saba. Akasema, "Mlete mgonjwa. Mlete sasa."

Sikiliza vizuri, kisha umsomee Baba. Wazimu wa Mama haukai kichwani. Baba Mkubwa alicheka goti, lakini angekaribia zaidi kama angesema kiuno. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Mtu akifukuzwa na fahali, tezi hizo humwaga damuni kitu kinachoitwa kotisoli. Ndicho kinachokusaidia kupata nguvu na kubaki macho. Fahali akishapita, kinapungua. Kwa Mama tunadhani tezi moja ina uvimbe, na uvimbe huo unakimwaga usiku na mchana bila kukoma. Mwili wake unamkimbia fahali ambaye hayupo.

Ndiyo maana halali. Ndiyo maana nyama ya mikono inaliwa na mafuta yanarundikana tumboni. Na ubongo ukilowekwa humo miezi mingi, sehemu inayoweka kumbukumbu mpya hunywea, na hasira inabaki kama mlango usio na komeo. Alipokuuliza nani amekuvunja, hakuwa anakudanganya. Naamini hivyo.

Mwangalie akioga. Kama tumboni na mapajani kuna michirizi mipana ya rangi ya zambarau, basi ni huo.

Asikatwe kichwa! Ngozi ya mtu mwenye ugonjwa huu haishiki, kidonda hakifungi, na usaha ukiingia hauna wa kuuzuia. Nimemwandikia Baba barua yake peke yake. Natafuta kitanda hapa. Jificheni, mpelekeni kwa mjomba, sema uongo wowote. Wewe unajua kudanganya kwa ajili ya Mama. Danganya tena.

Abner


Nyamira,
11 Aprili 1973

Ndugu Abner,

Barua zako mbili zilifika Jumatatu. Walimkata Jumamosi.

Walibadilisha siku. Baba ni mzee wa kanisa, na kanisa halitaki mambo ya omobari. Basi Baba Mkubwa akasema wafanye Sabato wakati watu wote wako ibadani, hakuna jirani atakayesikia. Baba alikwenda kanisani kama kawaida, kwa sababu kiti chake kikiwa wazi wangeuliza. Mimi nilibakizwa nishike beseni, kwa kuwa mkono mmoja unatosha kushika beseni.

Walimlaza uani, juu ya majani ya migomba. Wanaume wanne. Mmoja alimkalia miguu. Mzee Ongeri hakuwa mkali, alinawa mikono vizuri na kuzungumza naye kama mkwe. Alimnyoa utosini. Akakata kwa kisu, mkato mmoja, na mwingine kuukatiza, akaikunja ngozi pande nne. Damu ilikuja mpaka beseni likawa zito. Kutoka kanisani tulisikia wimbo wa pili.

Hapo Mama alikuwa akitukana na kuuma. Alimuuma Baba Mkubwa kidole mpaka mfupa. Lakini kisu cha kukwangulia kilipoanza kulia juu ya mfupa, alitulia, akamtazama mzee Ongeri, akamwita kwa jina lako. "Abner," alisema, "mwanangu, wewe umesoma. Fanya polepole." Alirudia hivyo mpaka mwisho. Mzee akawa anamjibu, "Ee, mama, polepole." Sikutaka kukuandikia haya. Lakini wewe ni ndugu yangu na siwezi kuyabeba peke yangu.

Mzee Ongeri alikwangua, akapangusa, akakwangua. Kisha akaacha. Akamwambia Baba Mkubwa, "Mfupa ni mzima. Ufa haupo."

Baba Mkubwa akasema, "Ongeza upande ule."

"Yaya, hapana. Siwezi kutafuta kitu ambacho hakipo. Na ngozi yake, Nyangau, inachanika kama ganda la ndizi iliyoiva sana. Nikishona hapa, inakatika pale. Huyu ana kitu kingine." Akakusanya visu vyake akaondoka bila hata kunywa uji.

Nilimwosha damu. Michirizi ipo. Tumboni, mapajani, hata chini ya makwapa, mipana kama kidole changu, zambarau kabisa, kama ameparuliwa na chui aliye ndani yake.

Jumatatu nilimsomea Baba barua zako. Nilisoma zote mbili, na ile ya kwako kwangu sikuruka kitu. Nilipofika kwenye "nani amekuvunja" aliinua macho akanitazama, nikatazama chini. Akatoka nje. Baba Mkubwa alikuwa uani akisema kwamba Ongeri ni mzee sasa, ataita omobari mwingine wa Mosocho, kijana, mwenye mkono thabiti. Baba, ambaye hajawahi kumkatiza mkubwa wake neno, alichukua mpini wa jembe. Ule ule. Alimpiga Baba Mkubwa begani, akampiga mbavuni, akamfuata mpaka kwenye migomba, na alikuwa analia kwa sauti kama mtoto. "Nilikwenda kuimba!" alisema. "Mliniacha nikaenda kuimba!"

Jana lori la majani chai lilimchukua Mama juu ya magunia mpaka Kisii, na Baba naye, wapate basi la Nairobi. Kidonda kilikuwa kinanuka. Hakuwa ananijua. Nimebaki na Nyasani. Mpokee huko.

Kemuma


Nairobi,
17 Juni 1973

Dada yangu mpendwa,

Mama yu hai.

Nilikuwa sitaki kuandika mpaka niweze kuanza na maneno hayo. Kidonda cha kichwa kilichukua mwezi mzima na sindano nyingi, na kwa siku kadhaa mwalimu wetu hakutaka kunitazama usoni. Kisha walimpasua ubavuni na kutoa tezi ya kushoto. Niliruhusiwa kusimama nyuma. Uvimbe wenyewe ni wa manjano, mdogo kama pera bichi. Niliushika mkononi, Kemuma. Nilitaka kuuponda chini ya kiatu. Kitu kidogo kiasi hicho kilichukua panga.

Sasa ni dhaifu sana. Tezi ya pili ilikuwa imelala muda mrefu, kwa hiyo anameza vidonge mpaka iamke. Anakonda, uso unarudi kuwa wake. Analala. Siku ya kwanza alipolala mpaka jua kutoka, nilitoka nje nikalia nyuma ya chumba cha kufulia.

Kumbukumbu ya miezi ile haipo na pengine haitarudi. Hajui habari ya panga, wala mtoto wa Tryphosa. Anajua jambo moja tu, kwamba ng'ombe alikuvunja mkono. Kila siku ananiuliza, "Mkono wa Kemuma umeunga?"

Sijamwambia. Nawe usimwambie. Madaktari wamesema asisumbuliwe moyo. Acha likae kwa ng'ombe, mara hii nakuomba, sikuamuru.

Abner


Nyamira,
2 Septemba 1973

Ndugu yangu Abner,

Mama amerudi, kama unavyojua, na nguvu zinamjia pole pole. Nywele zimeota isipokuwa pale penye kovu la msalaba, hapo amefunga kitambaa. Jana alifundisha fungu la kukariri akiwa amekaa. Alisahau neno moja. Msichana wa Tryphosa alilijua, nikaona anavyolijua, lakini alifunga mdomo akashika pua yake. Mama akamwambia kwa upole, "Nisaidie, mwanangu," na yule mtoto akakimbilia nje.

Mjomba ametuletea mtamba mwekundu. Mama amemfunga kule mbali nyuma ya migomba, na amenikataza nisimkaribie. "Huwezi kujua," anasema. "Hata yule mwingine alikuwa mpole." Anawasimulia majirani jinsi Mweusi alivyonigeuka, na kila anaposimulia pembe zinarefuka. Baba husimama akatoka. Baba Mkubwa hapiti tena kwetu.

Kila alasiri ananiita aukande mkono wangu kwa samli ya moto. Unauma mvua ikikaribia, na umeunga upande kidogo. Anaukanda huku akimlaani ng'ombe. Mimi nakaa. Najiambia mikono hii ni ile ya zamani. Lakini juzi aliinua mkono ghafla kufukuza nzi, nami nikaanguka kutoka kwenye kigoda na kujikunja chini, nimefunika kichwa. Sikukusudia. Mwili ulifanya wenyewe. Ulinieleza fahali akishapita kile kitu kinapungua. Kwangu hakijajua kwamba amepita.

Nilipofungua macho alikuwa amesimama na kopo la samli. Halafu akauliza polepole sana, "Kemuma. Mbona unapita kando ya mtamba bila woga, na mimi unaniogopa?"

Nilisema nimeteleza. Tangu hapo hajamlaani ng'ombe tena. Ananikanda kimya, na vidole vyake vinaupapasa ule mfupa mahali ulipopinda kana kwamba vinausoma.

Umeniomba asisumbuliwe. Abner, anasumbuka tayari. Anajua kuna kitu, na anakitafuta ndani ya kichwa chake mwenyewe kama mzee Ongeri, anakwangua mfupa mzima. Mimi ndiye ninayejua kilipo. Nikinyamaza ataendelea kukwangua, na mimi nitaendelea kuanguka kutoka kwenye vigoda.

Nimejaribu kumwambia kwa mdomo. Unanijua. Naanza, halafu naomba maji. Basi nimeiandika hapa, kwa Kiswahili chepesi anachosomea Biblia: Mama, ng'ombe hakunivunja mkono. Ni wewe, na haukuwa wewe. Ulipiga magoti ukaniuliza nani, nami nilidanganya kwa sababu uso wako ulikuwa na uchungu kuliko mkono wangu. Mweusi hakuwa na kosa. Wewe pia huna. Ila mimi naogopa, na sitaki tena kuogopa peke yangu.

Ni alasiri. Kopo limeondolewa jikoni, nasikia mfuniko wake. Sasa anavuka uani, polepole, mguu mmoja anauburuta tangu atoke hospitali. Kikapu cha majani chai kiko hapa karibu na goti langu, na mkono wangu umekwisha kukinyanyua bila kuniuliza. Nimekirudisha chini. Karatasi iko juu ya meza, imeangalia mlango.

Ukiona kwenye barua hii alama ya kidole chenye samli, ujue si wewe uliyeisoma kwanza.

Dada yako,
Kemuma